Mkanda wa Upande wa Kushoto

Ikonge,
3 Septemba 1967

Shemeji Obiero,

Wageni wameondoka, sufuria za majirani nimezirudisha, nyumba imenyamaza. Sasa ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia. Ahsante kwa kumleta Onchiri mpaka nyumbani, na kwa kukaa na mama yake siku zile tatu ingawa hamna lugha ya kuzungumza. Mama Kemuma anakuita mwanangu Mjaluo. Anasema ulimshika mkono tu, ukanyamaza naye, na hakuna mwingine aliyejua kumfariji hivyo.

Shemeji, sina raha. Mzee Ogari amesimama kanisani akasema kwamba mtu anayekwenda kushindana kwa magari siku ya Sabato asishangae likimpata la kumpata. Hilo ningelivumilia. Lakini juzi imekuja barua ya Klabu ya Magari ya Milimani. Wanasema wamechunguza ajali ya kona ya Birongo na wameona chanzo ni msoma ramani, kwamba alichelewa kumtajia dereva ile kona. Wakaongeza kwamba alizembea juu ya usalama wake mwenyewe. Alizembea nini, hawakueleza.

Onchiri achelewe? Mtu ambaye kanisani alikuwa amekwisha kuifungua aya kabla mhubiri hajaitaja?

Ninyi wawili mlikuwa karakana moja kwa huyo dereva, Bwana Tarrant, wewe fundi, yeye karani wa vipuri. Gari lile mlilitayarisha pamoja. Na wewe ndiye uliyemfikia kwanza. Niambie mume wangu alikufaje. Nikijua, nitajua la kumjibu Ogari.

Mimi shemeji yako,
Drusilla


Kisumu,
14 Septemba 1967

Shemeji Drusilla,

Barua yako nimekaa nayo mfukoni wiki nzima. Nisamehe, mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu.

Onchiri hakuteseka. Liweke hilo moyoni. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa Birongo ukilowa unakuwa kama sabuni. Gari liliteleza, likagonga ukingo, likabingirika mara mbili hadi kwenye migomba. Mimi nilikuwa nangoja mbele kidogo na magurudumu ya akiba. Nilikimbia. Nilipofika alikuwa amekwisha kukata roho. Alikuwa kama mtu aliyelala.

Barua ya klabu usiitie maanani. Watu wa ofisi lazima waandike kitu ili wafunge faili. Ukianza kubishana nao utajichosha bure, na wewe una shule ya kufundisha na Bonareri wa kulea. Bwana Tarrant mwenyewe ana bendeji kidevuni na haongei na mtu. Akipita mlangoni mwa stoo ya vipuri anageuza uso.

Msalimie Mama. Mwambie mwanawe Mjaluo hajamsahau.

Obiero


Ikonge,
22 Oktoba 1967

Shemeji Obiero,

Umenidanganya, na nimekwisha kukusamehe kabla sijamaliza sentensi hii.

Persis, binti wa jirani yetu, ni muuguzi huko Kisii. Amekuja likizo, akaniambia kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa zamu. Onchiri aliletwa saa sita mchana akiwa hai, akafa karibu saa kumi. Saa nne nzima, shemeji, na wewe ulikuwa kwenye benchi kando ya kitanda chake. Najua kwa nini ulinificha. Hata mimi ningeambiwa nimpelekee mjane habari kama hiyo, ningeikata mahali.

Lakini Persis anasema alizungumza. Alisema, "Mkanda, Obiero. Mkanda." Mara tatu. Wewe ukainamisha kichwa.

Nilikwenda kwenye lile begi la nguo ulilolileta. Mkanda wake wa ngozi umo, ule wa kahawia alionunua Kisumu mwezi wa kwanza alipoajiriwa. Nakumbuka mlivyokuja hapa Krismasi, ukamtania kwamba siku moja utamwibia. Alikuwa anakuachia wewe, shemeji. Katika maumivu yale yote alikumbuka mzaha wenu. Nililia, lakini kwa mara ya kwanza nililia vizuri.

Mama Kemuma amesema neno la mtu anayekufa halikai nyumbani, lifikishwe. Ameupaka mkanda mafuta kwa mikono yake. Nimeutuma kwa basi la Jumatatu. Uvae.

Drusilla


Kisumu,
20 Novemba 1967

Shemeji,

Kifurushi kimefika. Mwambie Mama ahsante. Kazi ni nyingi sana siku hizi.

Obiero


Ikonge,
28 Januari 1968

Shemeji Obiero,

Sikukuu zimepita na hukuja, wala hukuandika. Mama amekuwa akiniuliza kama mkanda ulikutosha.

Mimi sikukaa kimya kama ulivyonishauri. Niliwaandikia klabu. Niliwaambia mume wangu hakuwa mzembe, na kwamba yupo shahidi, fundi aliyefika kwanza, mtu mkweli ambaye akiitwa atasimama aseme aliyoyaona. Niliandika jina lako kwa herufi kubwa ili wasikosee.

Wamenijibu mistari miwili. Wanasema fundi Obiero alikwisha kutoa maelezo yake tangu tarehe kumi na tano Agosti, akatia sahihi, na uamuzi wao ulitegemea maelezo hayo.

Tarehe kumi na tano. Siku hiyo ulikuwa bado hujamleta nyumbani.

Shemeji, ulitia sahihi nini?

Drusilla


Kisumu,
11 Februari 1968

Shemeji Drusilla,

Naandika hii mara ya sita. Nyingine zote nimezichoma. Safari hii nitaandika bila kurudi nyuma, kisha niipeleke posta kabla sijaisoma.

Katika gari la mashindano kuna mkanda mpana wa kitambaa kigumu. Unamfunga mtu kwenye kiti ili gari likipinduka asirushwe nje. Mmoja wa dereva, mmoja wa msoma ramani upande wa kushoto. Ncha zake zimefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya gari. Huo ndio mkanda aliousema Onchiri. Si ule wa suruali.

Siku moja kabla ya mashindano tulilijaribu gari kwenye barabara mbaya ya Ahero. Bolti ya kushoto iling'oka. Nilipoinua zulia niliona bati la sakafu limeliwa na kutu, unalitoboa kwa kidole. Nilimwambia Bwana Tarrant inabidi tukate pale, tuchomelee bamba jipya, kazi ya siku nzima. Akasema gari linaondoka kesho asubuhi. Nikamwambia, "Bwana, hapa hapatashika." Akacheka. Akasema, "Kaza hivyo hivyo. Onchiri si mzito."

Nikakaza hivyo hivyo. Nikatia nati kubwa zaidi, nikapaka rangi nyeusi juu ili kutu isionekane. Mkaguzi wa klabu alikuja, akauvuta mkanda mara moja kwa mkono mmoja, akaweka alama kwenye karatasi yake. Nilijiambia ni siku mbili tu, wakirudi nitachomelea.

Asubuhi ya kuondoka Onchiri aliingia, akajifunga, akauvuta. Akaniambia, "Obiero, leo umeukaza vizuri." Nikaitikia kwa kichwa.

Kona aliitaja mapema. Nilimkuta Tarrant ameketi ukingoni, damu kidevuni, analia kama mtoto, anasema, "Aliniambia, aliniambia, sikupunguza mwendo." Mkanda wake ulikuwa umemshika. Onchiri alikuwa kwenye migomba, hatua kama ishirini kutoka kwenye gari. Mkanda wake ulikuwa bado umefungwa kiunoni, bolti inaning'inia, na kipande cha bati kimeshikamana nayo.

Shemeji, niliufungua. Kabla watu hawajafika niliufungua kiunoni mwake, nikautia kwenye sanduku la vifaa. Sikuambiwa na mtu. Mikono yangu ilifanya yenyewe, nami nikaitazama.

Maelezo aliyaandika Tarrant kwa taipu. Yalisema msoma ramani alichelewa na hakuwa amefunga mkanda. Alinisogezea kalamu. Akaniambia tukisema lingine, polisi watauliza nani aliikaza ile bolti. Nina watoto wanne. Nikatia sahihi.

Pale hospitalini sijui kama alikuwa ananiuliza au ananishtaki. Sikumjibu. Saa nne nzima sikumjibu.

Mkanda wa ngozi mlionitumia umo sandukuni, bado una harufu ya mafuta ya Mama. Sijauvaa.

Obiero


Ikonge,
3 Machi 1968

Obiero,

Neno shemeji nimeliacha makusudi.

Kila barua uliyoandika nimekuwa nikimsomea Mama kwa Kigusii, sentensi kwa sentensi. Hii ilipofika alikaa tayari kwenye kigoda chake, mikono magotini. Nilifungua, nikasoma kimya mpaka chini. Akaniuliza, "Anasemaje mwanangu?" Nikamwambia unauliza kama chai imechipua.

Kwa Tarrant sikutarajia kitu. Hanijui. Kwake Onchiri alikuwa mtu wa kumwonyesha kona. Lakini wewe ulikula ugali kwenye meza hii. Ulimwona akijifunga kwenye bati bovu, akakushukuru, ukaitikia kwa kichwa. Kisha ukaja kwangu na kofia mkononi, ukapokea chai yangu, ukakaa siku tatu na mama yake wakati jina la mwanawe ulikuwa umekwisha kulitupa.

Mimi nilidhani ulikuwa kimya kwa huzuni.

Huku Ogari bado anamtaja Onchiri kwenye mahubiri. Watoto shuleni wanamwambia Bonareri kwamba baba yake alilala kwenye gari. Msamaha wako sina haja nao. Waandikie klabu ukweli, kama ulivyoniandikia mimi, na jina lako chini. Kisha uje umwambie Mama kwa kinywa chako. Mimi sitakufanyia kazi hiyo.

Drusilla Onchiri


Muhoroni,
18 Agosti 1968

Mwalimu Drusilla,

Niliwaandikia klabu Machi ile ile. Nilisubiri mwezi. Tarrant aliniita ofisini, barua yangu iko mezani kwake. Hakunitukana. Alisema, "Faili limefungwa, Obiero, na wewe ndiye uliyelifunga." Akaniambia nikachukue vifaa vyangu. Sasa nachomelea matrela ya kubebea miwa huku Muhoroni.

Nilikwenda kituo cha polisi Kisumu pia. Ofisa aliuliza ule mkanda uko wapi. Nikasema Tarrant aliuchukua kwenye sanduku langu wiki ile ile ya ajali. Akaniuliza kama nina karatasi yoyote. Nikasema iko moja tu, yenye sahihi yangu, nayo inasema kinyume. Akafunga daftari.

Nakutumia na hii ukurasa niliouchana kwenye kitabu kipya cha kanuni za klabu. Soma kanuni ya tisa. Kuanzia mwaka huu kila bolti ya mkanda lazima ishike kwenye bamba la chuma lililochomelewa, na mkaguzi auvute kwa jeki, si kwa mkono. Juu wameandika kwamba kanuni imetungwa kutokana na uzoefu. Jina la Onchiri halimo. Na chini utaona mwenyekiti wa kamati ya usalama ni nani. Ni Bwana Tarrant. Gazeti lilitoa picha yake akimwonyesha waziri mkanda wa namna hiyo mpya, na kovu lake kidevuni. Waliandika kwamba ni mtu aliyeokoka ajali mbaya na sasa anawahurumia wenzake.

Madereva wananiambia kanuni ni nzuri. Kweli ni nzuri. Mwezi huu gari lilipinduka karibu na Sotik na wote wawili walitoka wakitembea.

Nitakuja kwa Mama Jumapili ya kwanza ya Septemba.

Obiero


Muhoroni,
10 Septemba 1968

Mwalimu Drusilla,

Nimerudi salama. Nilikuja nikitegemea kufukuzwa, hata nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba wanaweza kunipiga na wana haki. Nilipomaliza kusema, nawe ukamaliza kumtafsiria, Mama aliinuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea. Kisha akanifungia ndizi za kuwapelekea watoto.

Tangu Agosti ile ya ajali nilikuwa silali vizuri. Sasa nalala. Mke wangu anasema hata sauti yangu imebadilika. Sikujua kama kuna moyo wa namna hiyo duniani. Mwambie kwamba maisha yangu yote nitakuwa mwanawe.

Na wewe ahsante. Najua ilikuwa vigumu kwako kuyatamka maneno yale kwa kinywa chako.

Obiero


Ikonge,
29 Septemba 1968

Obiero,

Sikuyatamka.

Ulisema kwa Kiswahili, "Mama, mimi ndiye niliyeikaza ile bolti mbovu, nikajua, nikanyamaza." Mimi nikamwambia kwa Kigusii, "Mama, anasema njia ilikuwa ndefu, na kila siku anamkumbuka mwenzake." Ulisema, "Nilimfungua mkanda, nikamsingizia." Nikamwambia, "Anasema alitaka kuja mapema, kazi ilimzuia." Ulipolia, akaniuliza kwa nini unalia hivyo, nikasema unamlilia Onchiri. Hapo ndipo aliposimama akakushika kichwa. Alikuombea safari njema na kazi mpya.

Sikufanya hivyo kwa kukuhurumia. Nilikuwa nimekusudia kusema yote. Lakini alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani kwa ajili yako, amekaa anatabasamu, na ulimi wangu ukakataa. Ningenyamaza hivyo mpaka mwisho kama usingeandika barua hii. Unalala vizuri! Unalala kwa msamaha wa mtu ambaye hajui alichosamehe, na mimi ndiye ninayekaa naye jioni na asubuhi.

Mama hajui Kiswahili, lakini wewe unaweza kujifunza Kigusii. Tafuta mtu akufundishe. Njoo siku ya Jumatano, nikiwa shuleni. Sitakuwepo kukuharibia tena.

Drusilla


Muhoroni,
20 Januari 1969

Mwalimu Drusilla,

Nilikuja Jumatano iliyopita, kama ulivyosema. Hapa kazini kuna Mgusii mmoja, Mogire. Alinifundisha kila siku wakati wa chakula, miezi miwili. Mara ya kwanza aliniuliza maneno hayo ni ya kumwambia nani. Nilipomweleza, siku tatu hakunisemesha. Kisha akaja na kibuyu chake cha uji, akakaa, akasema, "Tuanze tena, hilo neno la kwanza unalisema vibaya."

Nilimkuta Mama anachambua maharagwe uani. Alifurahi kusikia nimesalimia kwa lugha yake, akapiga makofi. Nikapiga magoti ili nisikimbie. Nikasema yote.

Mahali pamoja nilikosea. Hakunielewa, akanisahihisha, kwa upole tu, kama unavyomsahihisha mgeni. Nikalirudia neno vile alivyonipa. Hapo ndipo alipoelewa.

Hakupiga kelele. Alichukua ungo wake, akayamwaga yale maharagwe chini, yaliyochambuliwa na yasiyochambuliwa pamoja, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa nje mpaka basi la mwisho lilipokaribia. Hakutoka.

Sasa silali tena. Nadhani hivi ndivyo inavyopaswa kuwa.

Obiero


Ikonge,
2 Februari 1969

Obiero,

Nilirudi kutoka shuleni nikayakuta maharagwe uani, nikajua ulikuja.

Jumamosi iliyofuata Mama alitembea mwenyewe mpaka kanisani, na kumbuka miguu yake ilivyo. Mzee Ogari alipoomba ushuhuda alisimama. Alisema mwanawe hakuchelewa, hakulala, wala hakuzembea. Alikuwa amejifunga mkanda na kona aliitaja. Alisema aliyasikia kwa mtu aliyekuwepo, aliyekuja kumwambia kwa Kigusii akiwa amepiga magoti. Jina lako hakulitaja. Ogari aliangalia Biblia yake mpaka Mama alipoketi. Tangu siku hiyo watu wanamwita Bonareri mtoto wa Onchiri, bila kuongeza kitu.

Hivyo, lile nililolitaka tangu mwanzo limepatikana, na si kwa klabu, si kwa polisi. Nilidhani ningefurahi.

Tulipotoka kanisani tuliandamana njiani, nimemshika mkono. Karibu na mto alisimama. Aliniuliza, "Wewe ulijua tangu lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nimekuwa hodari. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamwambia, "Tangu Machi ya mwaka jana."

"Siku ile aliyokuja Septemba, nikamwombea, ulijua?"

"Nilijua, Mama."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu, akavuka daraja peke yake.

Ni wiki ya tatu sasa. Chakula nikimpelekea mimi hakigusi, akipeleka Bonareri anakula. Usiku namsikia upande wa pili wa ukuta anaomba, anataja majina kama kawaida yake. Lako limo. Langu nangoja kulisikia.

Usiniandikie tena.

Drusilla